Binti yangu kaambia shule nzima mdogo wake amefariki, nimempiga na sasa hivi haongei na mimi

Shangazi shikamoo,

Naomba usinihukumu mpaka umalize kusoma, maana mwenyewe nimeshajihukumu vya kutosha. Nina watoto wawili, wa kwanza wa kike ana miaka 11 yuko darasa la tano, wa pili wa kiume ndo Junior ana miaka 6 na ni mgonjwa wa siko seli. Tuligundua akiwa na miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilivimba sisi tukawa tunamchua na mafuta ya kondoo tukijua ni baridi, kumbe ndo ilikuwa inaanza hivyo. Tunaishi Mwanza, nauza dagaa, nafata mzigo Mwaloni Kirumba naleta gengeni kwangu. Mume wangu ni dereva wa malori anapeleka mizigo Rwanda na Kongo yaani kwa mwezi tunamuona siku nne tano basi.

Sasa wiki mbili zilizopita, Jumanne asubuhi kama saa nne, nipo gengeni napimia mteja simu ikaita, mwalimu wa darasa la binti yangu. Mwaka huu tulihama mtaa kwa hiyo shule ni mpya na walimu hawajatuzoea. Akaanza kwa sauti ya chini kabisa, mama pole sana kwa msiba, tusamehe tumechelewa kukupigia, tulitaka tujue mmezika wapi. Shangazi kopo la dagaa lilinidondoka mkononi. Mimi nikajua moja kwa moja Junior amekufa huko chekechea na shule nzima wameshajua kasoro mimi. Niliacha genge wazi nikapanda boda sijui hata nilimlipa au sikumlipa, nafika chekechea nakuta mtoto amekaa na wenzie anakunywa uji kwenye kikombe chake cha bluu, ananiangalia anacheka. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Ndo nikampigia mwalimu, akaniambia binti aliwaambia tangu Ijumaa kwamba mdogo wake amefariki hospitali usiku. Watoto wa darasa zima wakachanga mia mia, zimefika 4,700 ziko kwenye bahasha kwa mwalimu. Mwalimu akasema aliruhusiwa asifanye usafi, akakaa ofisini, wenzie wakawa wanamsindikiza mpaka njia panda.

Aliporudi nilimpiga Shangazi. Nilimpiga na kandambili, ikakatika nikachukua mwiko. Hakulia kwa sauti, alikuwa anatetemeka tu. Na Junior alikuwa amesimama mlangoni anaangalia, af akaenda akachukua chupa yake ya maji, maana yeye kila saa tunamwambia kunywa maji kunywa maji, akampelekea dada yake akamwambia "Dada kunywa maji, utapona." Hapo ndo mwiko ukanitoka mkononi.

Tangu siku hiyo binti haongei. Kazi anafanya zote, anachota maji anaosha vyombo anapika, ila ni ndiyo mama hapana mama. Junior akimsogelea anahama. Usiku anageukia ukutani. Zamani hakuwa hivi, walikuwa wanacheza mpaka wanakera, ila amekuwa na utukutu wa kichinichini, mwezi wa nne alimtoa Junior nje wakacheza kwenye mvua, usiku ule ule mtoto akashikwa, tulilazwa siku tisa na damu akaongezewa. Nilikuwa na hasira nikamwambia umeona sasa, unataka kuniulia mwanangu. Siku zile tisa alilala kwa jirani kama tunavyofanya siku zote tukilazwa.

Mama mkwe anasema huyu mtoto ana kijicho na mdomo wake mbaya, ameshamtamkia mwenzie kifo, akikaa hapa mtoto atakufa kweli. Anataka nimpeleke kwake Sengerema akasomee huko. Mume wangu anasema fuata anachosema mama. Yeye pia anasema kwao siko seli haipo, nimekuja nayo mimi. Nimechoka Shangazi, sina hata nguvu ya kubishana. Nimpeleke? Na mtoto anawezaje kutamani mdogo wake afe, nimemlea vibaya wapi?

Mama Junior, Mwanza

Shangazi anajibu

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya genge, pole ya zile dakika kwenye boda ambazo najua bado zinakurudia usiku. Swali lako la kwanza nalijibu hapa hapa ili usisome na presha: usimpeleke Sengerema. Ukimpeleka sasa hivi baada ya kipigo kile, huyu mtoto ataelewa jambo moja tu, kwamba nyumba imechagua, na hakuchaguliwa yeye. Likishaingia hilo kichwani kwa mtoto wa miaka 11 kulitoa ni kazi ya miaka.

Nimekaa wodi za watoto miaka mingi kabla sijaanza kuwajibu hapa. Wagonjwa wa siko seli nimewashika sana, ila wale ninaowakumbuka mpaka leo ni ndugu zao. Wodi nyingi haziruhusu mtoto kuingia kuona mgonjwa, kwa hiyo unawakuta getini na kandambili zao, wamebeba hotpoti ya uji, bibi ameingia wao wamebaki nje. Wanaona mama anatoka nyumbani usiku na mdogo wao kwenye kitenge, hawaambiwi kitu, wanaachwa kwa jirani. Kinachoendelea ndani hawakioni, sasa wanakitunga wenyewe, na wanachokitunga kinakuwa kibaya kuliko kile cha ndani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya pili na ya tatu nilikuwa natafuta jina la huyu binti, sijalipata. Kuna Junior, kuna binti yangu, kuna huyu mtoto, kuna Dada. Na umesaini Mama Junior. Mwanangu wewe unajua kwetu mama anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Ulikuwa mama wa huyu binti miaka mitano kabla Junior hajazaliwa, mtaa wa zamani lazima walikuita kwa jina lake. Silisemi hili kukuumiza, najua lilivyotokea, manesi wamekuita Mama Junior, kadi ya kliniki imeandikwa Mama Junior, mtaa mpya wamekujua ukiwa na Junior mgongoni. Jina lilihama polepole na hakuna aliyekusudia. Ila yeye ameliona likihama.

Sasa twende kwenye huo uongo. Wewe unauliza anawezaje kutamani mdogo wake afe. Mimi najiuliza, alipata nini baada ya kusema hivyo? Umekiandika mwenyewe. Mwalimu alimkalisha ofisini. Wenzie walimsindikiza mpaka njia panda. Darasa zima walimchangia mia mia, watoto wasio na hela walitoa mia zao kwa ajili yake. Yaani kwa siku mbili tatu watu walimwambia pole. Hebu kumbuka miaka hii sita, mkirudi kutoka kulazwa, majirani wanaingia na sufuria, wanasema pole mama Junior, pole Junior, wanamgeukia na yeye wanamwambia Dada hebu wawekee maji ya kuoga. Ameuguza miaka sita na hajawahi kupewa pole hata moja. Amepika akiwa mdogo, amelala vitanda vya watu, amesubiri. Alichokosea ni njia. Shida yenyewe ilikuwa ya kweli kabisa.

Halafu kuna la mvua, na hili ndo zito zaidi kwangu. Wewe umelitaja kama mfano wa utukutu ukapita. Mimi nimesimama hapo. Mwezi wa nne ulimwambia unataka kuniulia mwanangu, akaenda kulala kwa jirani siku tisa na hilo neno. Siku tisa mwanangu. Kila usiku anasubiri wamwambie kama ameua au hajaua, na hakuna aliyekuja kumwambia hapana, si wewe. Mlirudi nyumbani mkaendelea na maisha, yeye hakuendelea. Kwa hiyo neno la kifo halikuanzia mdomoni kwake, lilimfikia likiwa limeshasemwa na mtu anayemwamini kuliko wote. Na huko mtaani nina uhakika ameshasikia wale wanaosema hawa wa siko seli hawafiki miaka 18. Mtoto anayesubiri msiba kila wiki kuna siku anachoka kusubiri anausema tu uishe.

Basi kitu cha kwanza ni kumuomba msamaha. Najua sisi hatukulelewa hivyo, mzazi akikosea anapika chakula kizuri au ananunua soda na mtoto anajiongeza. Safari hii soda haitoshi. Mkae wawili, Junior awe amelala au yuko kwa jirani, usimkalishe kama kesi, mnaweza hata kuwa mnachambua dagaa mikono ina kazi na macho yana pa kuangalia. Umwite kwa jina lake. Umwambie nilikupiga kwa sababu niliogopa, na sikutakiwa kukupiga, nisamehe. Na umwambie siku ile ya mvua nilisema neno baya na halikuwa kweli. Ukimaliza nyamaza. Usimuulize kwa nini ulidanganya, usidai akusamehe hapo hapo, anaweza kukaa kimya na ni haki yake.

Siku nyingine mweleze ugonjwa wenyewe, wote, kwa sababu nina uhakika hajawahi kuelezwa, watoto wakubwa huwa tunadhani wanajua kwa kuwa wapo. Wasukuma wanaijua mundu, chukua ya kukatia majani umuonyeshe. Chembe za damu nyekundu kwa kawaida ni duara na laini zinapita popote, za Junior zikikosa hewa ya kutosha zinapinda zinakuwa kama hii mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, damu haipiti, ndo anasikia maumivu ya mifupa. Ndo maana wengine wanauita selimundu. Na kuhusu mvua mwambie ukweli, usimdanganye ili umfariji maana darasa la tano wana akili. Baridi inaweza kuamsha maumivu, kama homa, malaria, kukosa maji mwilini au kuchoka sana vinavyoweza, na mara nyingine yanaamka hakuna anayejua kwa nini. Ila ugonjwa alizaliwa nao, upo kwenye damu yake tangu tumboni. Kucheza kwenye mvua ni kitu watoto wanafanya. Anayetakiwa kukumbuka sweta ni mtu mzima.

Na la miaka 18 lisemee, usingoje aulize. Zamani wengi walikuwa wanafariki wadogo kabisa, kabla ya miaka mitano, kwa sababu hawakujulikana na hawakutibiwa. Leo mtoto anayehudhuria kliniki, anapewa vidonge vya foliki asidi, analala kwenye neti, anakunywa maji, na wale daktari anaowaanzishia dawa ya haidroksiurea maumivu yanapungua sana, wanakua, wanasoma, wanazaa. Kama Junior hayuko kwenye haidroksiurea uliza kliniki kwenu, hospitali ya Bugando hapo wana kliniki ya siko seli. Na binti mfundishe dalili za kukuita haraka, homa, macho kuzidi kuwa ya njano, tumbo la upande wa kushoto kuvimba, mkono au mguu kulegea ghafla au mdomo kwenda upande. Najua unaweza kusema namuongezea mzigo. Mzigo anao tayari, na asiyejua anaogopa kila kitu. Ukimwambia kazi yako ni kuniita tu, ya kutibu ni yetu, anapumua.

Mume wako nampa maneno machache. Baba, siko seli haiji na upande mmoja. Ili Junior azaliwe nayo ilibidi apokee kwa mama na apokee kwa baba, nyote wawili mna nusu yake na ninyi hamuumwi. Hapa Tanzania wenye hiyo nusu ni wengi mno, kuna sehemu wanafika karibu mmoja kwa kila watu watano, na kanda yetu ya Ziwa ndo usiseme. Watoto wanaozaliwa na ugonjwa wenyewe wanakadiriwa 11,000 hivi kila mwaka nchi nzima. Na kila mimba kwenu ni robo kupata ugonjwa, upya kila mara, haijalishi Junior ameshapata. Kapimeni wote, na binti akapimwe pia, si kwa sababu ni mgonjwa, ila akikua aijue damu yake kabla ya kuolewa. Na ukipiga simu kutoka Kigali usiishie kuuliza Junior anaendeleaje, mwambie mkeo akupe binti, ongea naye habari za shule dakika tano.

Mama mkwe ni mtu mzima na anampenda mjukuu wake, mheshimu, ila hilo la kijicho lisisemwe tena mbele ya watoto. Hapo lazima uwe mkali, na kama huwezi peke yako mume wako amwambie. Mtoto akiambiwa mdomo wake unaua ataacha kuutumia, na wewe umeshaanza kuuona huo ukimya.

Shuleni nenda mwenyewe. Uongee na mwalimu ofisini, umweleze ugonjwa upo na nyumba ikoje, mkubaliane binti asisimamishwe mbele ya darasa kukiri, jamani asisimamishwe. Ile bahasha mwalimu anaweza kuwaambia mdogo wake mwenzenu yupo hai, anaumwa ugonjwa wa muda mrefu, mchango wenu tunaurudisha na asanteni. Inatosha. Watoto watamcheka wiki moja, mwambie kabla kwamba watamcheka, na umwambie akichekwa aje akwambie.

Kuna kitu hukukiandika ila nakiuliza kwa sababu nimewaona watoto wengi. Huko kwa jirani analala na nani? Chumba gani, kuna nani mwingine kwenye hiyo nyumba? Mtoto wa kike wa miaka 11 anayelala nje ya kwao mara kwa mara ni lazima uulize, na umuulize yeye mwenyewe ukiwa umetulia, siku nyingine, si siku ya msamaha. Sisemi kuna kitu, nasema uliza. Na mfundishe namba 116, ni simu ya bure ya watoto, hata asipoihitaji. Mkilazwa tena, ikiwezekana mtu wenu aje alale kwenu naye abaki kwenye kitanda chake, na kila jioni umpigie yeye, dakika mbili, Junior yuko hivi, leo amekula, kesho nadhani hivi. Mpe Junior simu wasalimiane.

Kuhusu Junior mwenyewe, nina wasiwasi pale kwenu ameshakuwa mfalme. Nahisi ni mwachie mwenzio anaumwa kutwa nzima, na nahisi mayai ni ya Junior. Mgonjwa anahitaji kula vizuri kweli, lakini yai moja likikatwa mawili mezani hakuna atakayelazwa. Akimpiga dada yake mkanye. Mpe kazi ndogo, afagie, apange kandambili. Dada yake akiona mdogo wake naye anakanywa kama mtoto mwingine atarudi kucheza naye, kwa sababu huwezi kucheza na mtu usiyeruhusiwa kugombana naye. Na mwanangu hawa hawajaharibikiana. Yule aliyemletea dada yake chupa ya maji amefundishwa upendo na mtu, na mimi nadhani amefundishwa na huyo huyo dada, wakati wewe uko gengeni.

Jumamosi hii ukienda Mwaloni nenda naye, Junior aachwe kwa mtu unayemwamini. Amkeni alfajiri wote wawili, abebe ndoo ndogo, umfundishe kuangalia dagaa walioanikwa kwenye kichanja na wale wa mchangani, umnunulie chai na kitumbua pale pale. Usiongee habari za Junior njia nzima, kama ataanza yeye sawa. Ukiweza kila Jumamosi, usipoweza basi mbili kwa mwezi, lakini ukimuahidi usivunje isipokuwa mnalazwa, na mkilazwa umwambie ile Jumamosi yetu ipo, imesogea tu.

Utakapokuwa umeongea naye niandikie, nataka kujua alikujibu nini. Na mwishoni saini kwa jina lake.

Shangazi